SOMO: SNA (msaidizi wa mtoto mwenye mahitaji maalumu) wa mtoto wako shuleni hapa Ireland anapatikanaje

Kila Septemba naulizwa swali lilelile faraghani, basi naliweka hapa. Wiki ijayo nitakuwa natuma kiungo tu.

1. Mwandikishe mtoto shule kwanza. Mzazi haombi SNA. Anayeomba ni mkuu wa shule, na anaomba kwa SENO, yaani afisa wa eneo lenu wa NCSE, baraza la taifa la elimu maalumu.

2. Kusanya ripoti ulizonazo: daktari, mtaalamu wa matamshi, mwanasaikolojia.

3. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Ripoti isiishie kwenye jina la tatizo. Waraka 0030/2014 wa Idara ya Elimu unasema SNA ni wa uangalizi: kulishwa, choo, dawa, kutembea, usalama, mawasiliano yaliyo magumu kabisa. Kufundisha si kazi yake. Ukiandika "ana usonji na yuko nyuma kusoma", utaambiwa hiyo ni kazi ya mwalimu wa elimu maalumu. Waambie wataalamu mambo yanayoonekana: "Akitoka chooni hawezi kupandisha suruali. Kengele ikilia anakimbilia geti, na geti linafungukia barabarani."
ONYO: usimsitiri mtoto. Sisi tumezoea kusema "anajitahidi, Mungu mwema" mbele ya wageni. Ukiwa mbele ya wataalamu, eleza anavyokuwa siku mbaya.
ONYO: chumvi nayo usiongeze. SENO anaweza kuja kumwangalia darasani.

4. Saini ruhusa ya shule kutuma taarifa za mtoto.

5. Subiri. Nafasi inapewa shule, na inaweza kuwa nusu tu ya nafasi ya SNA mmoja, au 0.83 yake. Mkuu ndiye anayewapanga wasaidizi. Akitaka nyongeza, lazima aonyeshe kwamba alionao hawatoshi hata akiwapanga upya.

MASWALI

Baba Mapacha: Nataka SNA wa mwanangu peke yake. Fomu iko wapi?
— Hatua ya 1, kisha ya 5.

Baba Mapacha: Mbona jirani yangu kapata wa peke yake?
— Hajapata yeye, imepata shule. Mkuu akiona mtoto mwingine anahitaji msaada saa hiyo, anamhamishia huko. Mimi sigawi wasaidizi, kaka.

Mgeni wa Galway: Samahani dada, akisaidiwa kila kitu, mtoto atajitegemea lini?
— Swali zuri sana. Shule inatakiwa iwe na mpango wa mtoto wenye malengo ya kujitegemea. Omba kuuona. Lengo liwe dogo: mwezi huu avae koti mwenyewe, SNA ashike zipu tu. Saa za SNA zikipunguzwa, usianze na ugomvi. Uliza ni lipi sasa analiweza. Wakikosa jibu, hapo sasa dai.

Mama wa Cork: Na darasa maalumu la usonji?
— Huko kwa kawaida ni watoto 6, mwalimu 1 na SNA 2. Nafasi za madarasa hayo ndizo zinazogombaniwa, kwa hiyo omba mapema na mjulishe SENO.

Mama wa Cork: Asante shoga. Wangu ana miaka 5, nguvu zimeniisha.
— Pole mama. Umeshaomba DCA? Ni posho ya kila mwezi kwa mlezi wa mtoto wa chini ya miaka 16 anayehitaji uangalizi mkubwa kuliko wenzake wa rika lake. Hawaangalii kipato. Ukiipata, mtoto anastahili kadi ya matibabu pia.

Baba Mapacha: Hiyo DCA fomu iko wapi?
— Idara ya Ustawi wa Jamii. Hiyo unajaza mwenyewe.