Jinsi ya kunywa dawa mseto ya malaria ifike kwenye damu na imalize kazi

Mimi natoa dawa dirishani, na kitu kinachoniuma sana ni mtu kurudi baada ya wiki tatu anasema mseto haufanyi kazi, ukimuuliza ulikunywaje anakwambia asubuhi nilikunywa na maji kabla sijala, siku ya pili nikajisikia nafuu nikaacha, vilivyobaki nimemwekea mdogo wangu. Dawa ilikuwa nzima kabisa, shida ni njia. Kwa hiyo leo nataka tukifuate kidonge kuanzia mdomoni mpaka kinapotokea, maana ukishajua kinapita wapi hutahitaji mtu akukumbushe kila saa.

Kwanza pima. Homa sio lazima iwe malaria, na usimeze mseto kwa kubahatisha.

Ndani ya kidonge kimoja cha kawaida cha mseto kuna dawa mbili, artemeta miligramu 20 na lumefantrini miligramu 120, ndo maana tukaita mseto. Idadi inaenda kwa uzito na sio kwa umri: mtoto wa kilo 5 mpaka 14 kidonge kimoja kila dozi, kilo 15 mpaka 24 viwili, kilo 25 mpaka 34 vitatu, kuanzia 35 kwenda juu vinne. Dozi ziko sita kwa siku tatu, kwa hiyo mtu mzima anamaliza vidonge 24. Kama hujui uzito wa mtoto mpime kwanza, mzani upo kila kituo, usikadirie kwa kumbeba.

Sasa tumboni. Hapa ndo wengi wanapoteza dawa. Lumefantrini haiyeyuki vizuri kwenye maji, yenyewe inapenda mafuta, ukiimeza tumbo tupu na glasi ya maji au soda sehemu kubwa inapita tu kwenye utumbo mpaka chooni, yaani umenunua dawa ukaitupa. Ukila kitu chenye mafuta, nyongo inamwagika kwenye utumbo kuyavunja yale mafuta yawe matone madogo madogo, na lumefantrini inapanda humo humo kwenye matone inaingia nayo. Tofauti yake sio ndogo. Watu wazima wenye afya walipopewa dawa hii na mlo wenye mafuta mengi, lumefantrini iliyoingia mwilini ilifika mara 16 ya ile ya tumbo tupu, na artemeta mara mbili mpaka tatu. Najua mgonjwa wa malaria hawezi kula pilau, mdomo mchungu na harufu ya chakula tu inamchefua, ila habari njema ni kwamba mafuta kidogo yanatosha. Mpe kikombe cha maziwa, au uji uliotiwa karanga, au nusu parachichi, au chapati na chai ya maziwa, mtoto anayenyonya mnyonyeshe. Uji mweupe mtupu hauna kitu hapo. Na kadri hamu inavyorudi siku ya pili na ya tatu ale zaidi, dozi za mwisho zinafaidika sana.

Akitapika ndani ya saa moja baada ya kumeza, hesabu dozi hiyo haikuingia, anarudia yote, afu uje kuchukua vya kufidia ili zitimie sita. Akitapika kila anachopewa, au akidegedeka, au akashindwa kunyonya, au akalegea hajitambui, hiyo sio kazi ya vidonge tena, mkimbize hospitali achomwe sindano.

Kutoka utumboni damu haiendi moja kwa moja mwilini, inapita kwanza kwenye ini. Wengi wanadhani ini kazi yake ni kuondoa sumu tu. Kwa artemeta ini linafanya kitu kizuri sana, vimeng'enya vyake vinaibadilisha sehemu kubwa kuwa dawa nyingine yenye nguvu zaidi ya kuua vimelea, kwa hiyo ini linamalizia kazi ya kiwanda. Ila vimeng'enya hivyo hivyo vinaweza kuamshwa na dawa zingine. Mtu anayetumia rifampisini ya TB, au baadhi ya ARV kama efavirenzi, ini lake linachoma mseto haraka kuliko kawaida na kiwango kwenye damu kinashuka. Nakuomba sana, ukifika dirishani sema unatumia dawa gani, hata ukiniita pembeni tuongee kwa sauti ya chini. Usiache dawa zako za TB wala ARV ili upishe mseto, we sema tu tupange. Na kama unatumia dawa za moyo sema pia.

Tukija kwenye damu, hapa ndo utaelewa kwa nini masaa yana maana. Vimelea vinakaa ndani ya chembe nyekundu na vinazaliana kwa mzunguko wa karibu masaa 48. Artemeta ni ya mbio, inaingia haraka, inaua vingi sana, ila haikai, kila baada ya masaa mawili hivi inabaki nusu, kama ilikuwa 100 inakuwa 50, afu 25, afu 12 na kidogo, ikifika masaa nane karibu imekwisha. Ndo maana dozi ya pili ni baada ya masaa 8 na sio "nikikumbuka". Lumefantrini yenyewe ni ya polepole, inajijenga dozi kwa dozi, na nusu yake inachukua siku tatu mpaka sita kuondoka, ndo inabaki kusafisha vimelea vichache vilivyojificha. Sasa we ukiacha siku ya pili kwa sababu homa imeshuka, umeshapata faida ya artemeta, ila lumefantrini hujaijaza, wale wachache wanabaki na wanazaliana, baada ya wiki mbili tatu unasema malaria imerudi.

Kwenye bahasha utaona tumeandika 4x2, na mimi naona hiyo haitoshi kwa sababu haisemi saa. Andika mwenyewe. Ukianza saa 4 asubuhi, ya pili saa 12 jioni ile ile siku. Kuanzia hapo ni saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, kesho na kesho kutwa, umemaliza. Ukianza saa 2 usiku ya pili inaangukia saa 10 alfajiri, weka alamu na uache maziwa karibu na kitanda, hiyo ya alfajiri ndo watu wanairuka sana. Ya tatu saa 2 usiku unaofuata, halafu kila masaa 12 mpaka zitimie.

Panadol ya homa unaweza kunywa pamoja, lakini angalia ini lile lile. Mtu mzima mwenye ini zima vidonge viwili vya miligramu 500, visizidi 8 kwa masaa 24, na uache angalau masaa manne katikati. Ini linavunja sehemu kubwa ya paracetamol, ndo hiyo Panadol, kwa njia salama, kipande kidogo kinageuka sumu ambayo ini lina akiba ya kuizima, ukizidisha akiba inaisha. Dawa nyingi za mafua zina paracetamol ndani, soma boksi kabla hujachanganya.

Kutoka, artemeta ikishavunjwa inaondoka haraka, lumefantrini kwa nyongo inaishia kwenye choo kikubwa, taratibu kwa siku nyingi.

Homa isiposhuka baada ya siku tatu za kumeza vizuri, rudi kituoni. Na ukiumwa tena ndani ya mwezi, usinunue mseto mwingine kimya kimya, nenda ukapime na useme tarehe uliyomaliza dozi, kwa sababu kile kipimo cha haraka cha kidole kinaweza kuendelea kusema unayo kwa wiki kadhaa hata vimelea vimeshakufa, kinasoma mabaki yao. Waombe wachukue damu waiangalie kwa hadubini.