Kunenepesha dume wa ng'ombe na kumchinja nyumbani, vile mimi hufanya

Juzi nimetoka kwa shemeji yangu kule Bahati kumsaidia kuchinja dume wake wa kwanza, na maswali aliyoniuliza ni yale yale kila mtu huniuliza, kwa hivyo wacha niyaandike hapa mara moja. Mimi nafuga Njoro, huku Nakuru, shamba dogo, sina zaidi ya madume watatu kwa wakati.

Hatua ya 1: kununua. Tafuta dume wa mwaka mmoja na nusu hadi miwili, mgongo mrefu, kifua kipana, macho maangavu. Akiwa amekonda sawa tu, juu nyama utaijaza mwenyewe. Watu wengi huku wanadharau madume wa Friesian eti ni wa maziwa tu, mimi ndio nawapenda, mfugaji wa maziwa anataka kuwaondoa haraka na wakilishwa wanajaa vizuri.

Hatua ya 2: kulisha miezi 3 hadi 4 akiwa bomani. Siku ya kwanza dawa ya minyoo, halafu nyunyizia kupe kila wiki manake ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe, haingoji. Ng'ombe hula kama kilo 2.5 hadi 3 za chakula kikavu kwa kila kilo 100 za uzito wake, na kumbuka napia mbichi karibu yote ni maji, kwa hivyo furushi kubwa si chakula kingi. Napia, mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa na kurashiwa molasi yenye maji, pumba ya ngano na mashudu ya pamba au alizeti. Pumba na mashudu ongeza polepole kwa wiki mbili, ukimrundikia siku moja tumbo linachachuka na anaweza kufa. Nunua tepu ya kupima uzito pale agroveti, usikadirie na macho. Na kila dawa unayomdunga soma lebo, kuna siku za kungoja kabla nyama iliwe.

Hatua ya 3: mkaguzi wa nyama. Kama utauza hata kilo moja lazima aikague na apige muhuri. Ya kula nyumbani pia mimi huwa namwita, anaangalia ulimi, moyo na mashavu kama kuna minyoo ya tegu, na maini kama kuna minyoo. Na ng'ombe akifa ghafla mwenyewe, damu nyeusi isiyoganda ikitoka puani au nyuma, usimpasue kabisa, piga simu kwa daktari wa mifugo. Sisi wa Nakuru tunakumbuka 2015 vile kimeta, ugonjwa wenye dalili hizo, kiliua nyati ndani ya mbuga ya Ziwa Nakuru.

Hatua ya 4: kuchinja. Saa kumi na moja asubuhi, kabla jua na nzi. Mlaze na kamba: funga shingoni, zungusha kifuani nyuma ya mabega, zungusha tena kiunoni mbele ya miguu ya nyuma, vuta kwenda nyuma, atalala mwenyewe bila kupigwa. Asikimbizwe, ng'ombe aliyehangaishwa nyama yake inatoka nyeusi, inanata na inaharibika haraka. Mimi huita jirani Muislamu achinje ndio kila mgeni ale. Acha damu iishe yote.

Hatua ya 5: kutoa tumbo. Hapa soma polepole. 2019 nilimwonea dume wangu huruma nikampa napia jioni kabla ya kuchinjwa. Asubuhi tumbo lilikuwa limejaa kaa ngoma, nikachoma kisu ncha ikiangalia ndani, na ile kijani yote ikamwagika juu ya paja na mbavu. Tukaanza kumwaga maji ndoo kwa ndoo, na huo ndio ulikuwa uharibifu wenyewe, juu maji yalibeba uchafu hadi kidari ambacho kilikuwa safi. Kutoka saa moja hadi saa nane mchana tulikuwa tunaosha, na jioni nyama inanuka. Karibu paja zima likaenda kwa mbwa.

Kwa hivyo: masaa 12 hadi 24 kabla ya kuchinja, hakuna chakula, maji tu, maji usimnyime. Ukishachuna, kabla hujagusa tumbo, pale shingoni tenganisha umio (bomba la chakula) na bomba la hewa, huo umio uufunge na uzi wa gunia mara mbili. Nyuma, kata kuzunguka mkundu, vuta utumbo nje kidogo, funga pia. Mtundike kwa miguu ya nyuma, tawi nene la mkaratusi na cheni inatosha, halafu toboa tundu dogo juu, ingiza vidole viwili, kisu kikae katikati yao makali yakiangalia nje, ushuke polepole huku vidole vikisukuma tumbo mbali na ncha. Fanya haraka lakini usikimbie, tumbo linaendelea kufura hata mnyama akiwa amekufa. Nyongo ikate pamoja na kipande cha ini, usiikwangue.

Shemeji naye kisu kiliteleza kidogo, tone kaa la kijiko likaanguka ubavuni, akakimbilia hosi. "Wacha maji, shemeji, leta kisu kingine." Tukakata kipande chembamba kaa kiganja, tukatupa, tukaendelea. Hio ndio dawa, kata, usioshe.

Hatua ya 6: kupasua na kupoza. Tumia msumeno wa mifupa, shoka inaacha vipande vya mfupa kwa nyama na mtoto anaweza kukabwa. Dume wa kilo 300 atakupa kama kilo 150 pamoja na mifupa. Huku Njoro usiku ni baridi, naacha imetundikwa hadi asubuhi ndani ya chandarua. Kisumu kuna joto, huwezi, iache masaa machache kivulini kwenye upepo ndio uikate, lakini usiitie kwa friza ikiwa bado na joto la mwili, itakaza na hata ukiichemsha siku nzima bado ni ngumu.

Ngozi ipake chumvi siku hio hio, upande wa nyama, kama unataka mtu ainunue.