Jinsi ya kujua nchi inabanwa na sheria gani ya kimataifa

Watu wengi wanadhani kuna bunge pale UN linalotunga sheria za dunia nzima. Hakuna. Sheria hizi zinatoka kwa nchi zenyewe, na vyanzo vyake vimetajwa kwenye ibara ya 38 ya Katiba ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki (ICJ), The Hague. Mimi nikipewa swali naenda hivi.

Hatua ya 1. Andika nchi gani, inadaiwa nini, na lini. Tarehe usiiache, mkataba ulioridhiwa (yaani nchi imethibitisha rasmi kwamba unaibana) baada ya tukio kwa kawaida haukusaidii.

Hatua ya 2: mkataba. Fungua tovuti ya mikataba ya UN uangalie jedwali la nchi. Kusaini na kuridhia ni vitu viwili, gazeti likiandika "serikali yasaini" mara nyingi nchi bado haijafungwa, Tanzania kwa mfano Bunge ndo linaridhia mikataba inayohitaji kuridhiwa. Shuka mpaka chini usome masharti nchi iliyoweka wakati inajiunga, inawezekana ilikikataa kipengele hichohicho unachokitafuta.

Ila soma na mkataba wenyewe unasemaje kuhusu kuanza kutumika, hapa ndo wengi wanaanguka. Mwaka 2009 Kenya na Somalia zilisaini hati ya makubaliano kuhusu mambo ya mpaka wa baharini, bunge la Somalia likaikataa, na baadaye Somalia ikaiambia ICJ hati ile haina nguvu. Mahakama mwaka 2017 ikasema ina nguvu, kwa sababu hati yenyewe iliandika kwamba inaanza kutumika ikisainiwa tu na waziri aliyesaini alikuwa na idhini. Kumbe hata karatasi inayoitwa "makubaliano" inaweza kuwa mkataba kamili, usidanganywe na jina.

Hatua ya 3: desturi. Usikimbilie kusema "hawajaridhia, basi wako huru". Kwenye kesi hiyohiyo, Kenya na Somalia zote hazikuwa wanachama wa Mkataba wa Vienna wa 1969 unaoeleza mikataba inafungwaje, sasa mahakama ikatumia kanuni zilezile kama desturi, maana desturi inabana hata asiyesaini.

Kuithibitisha lakini ni kazi. Unatakiwa uonyeshe nchi nyingi zinafanya hivyo, na zinafanya kwa kuamini ni sheria, siyo adabu tu. Tafuta sheria zao za ndani, barua za wizara za mambo ya nje, hotuba na kura zao UN. Mwaka 1969 Denmark na Uholanzi zilitaka Ujerumani Magharibi ibanwe na kanuni ya mstari wa katikati (mpaka upite umbali sawa kutoka pwani za pande zote mbili) kwenye Bahari ya Kaskazini, iliyokuwemo kwenye mkataba ambao Ujerumani ilisaini bila kuridhia, wakashindwa, ushahidi wa kuwa ni desturi haukutosha.

Hatua ya 4. Ukikosa vyote hivyo, angalia kanuni za jumla zinazokubalika kwenye sheria za nchi mbalimbali, kama nia njema. Hukumu na vitabu vya wanazuoni ni vya kukusaidia kuijua sheria tu, hukumu ya ICJ inawabana waliokuwa kwenye kesi ile.

Hatua ya 5. Kama kesi yako iko mahakama ya ndani, fungua katiba. Kenya, ibara ya 2(5) na 2(6) inaingiza kanuni za jumla za kimataifa na mikataba iliyoridhiwa kwenye sheria ya nchi, kwa hiyo wakili wa Nairobi anaweza kuzitaja moja kwa moja mbele ya jaji. Nchi nyingine lazima kwanza bunge litunge sheria ya kuutekeleza mkataba, na hiyo sheria ndo utaenda nayo mahakamani.