Kubadilisha mbao za transomu kwenye boti ya zamani ya alumini

Kama uko huku Minnesota au Michigan na umenunua boti ya alumini ya miaka ya 70 au 80 kwa bei ya kutupa, iwe Lund, Alumacraft au Starcraft, kabla hujaanza kuota samaki zunguka nyuma ukague transomu, yaani ule ukuta wa tezi unaobeba mashine. Watu wanasema alumini haiozi. Sawa, bati haliozi, ila nyuma yake kuna plaiwudi na hiyo ikinywa maji miaka thelathini inabaki unga.

Kuipima rahisi tu, shika mashine chini kwenye propela uivute na kuisukuma huku mwenzio anaangalia bolti za juu, ukuta ukicheza mbao zimekwisha. Ukibaki na wasiwasi fungua bolti moja ya chini, yakitoka maji ya kahawia hapo hamna mjadala.

Piga picha kila kitu kabla hujagusa, halafu shusha mashine kwa winchi maana hata ya hospawa 40 inakaribia kilo 100. Toa kifuniko cha juu, vile vipande vya kona na ule mkono wa alumini unaoshika transomu kwa chini. Kwenye riveti usiende na grenda, utachana bati. Piga alama ya panchi katikati ya kichwa, toboa kichwa peke yake, kikiruka sukuma shina kwa panchi, taratibu, tundu libaki saizi yake.

Mbao ya zamani itoe nzima ukiweza kwa sababu ndiyo patani yako ya kukatia mpya, ikisambaratika kata patani ya kadibodi. Pima unene sehemu ambayo haijavimba, mara nyingi ni inchi moja na nusu, yaani plaiwudi mbili za robo tatu. Urefu wa ukuta pia usiuchezee, mashine ya shafti fupi inataka inchi 15 na ya shafti ndefu inchi 20.

Sasa hapa ndo watu wanaharibu kazi: wanaenda dukani wananunua plaiwudi ya dawa wakidhani ndo haiozi. Jamani msifanye hivyo! Toka 2004 mbao za dawa za matumizi ya nyumbani hapa Marekani ziliacha aseniki, nyingi zikahamia dawa zenye shaba nyingi, na shaba ikikaa na alumini penye unyevu bati linaliwa, unaanza kuona unga mweupe, baadaye vitundu, na bati huwezi kulibadilisha kama ubao. Chukua plaiwudi ya marini, yaani ya vyombo vya majini, au ya nje ya kawaida kama mfuko haukuruhusu, gundi zote mbili hazipitishi maji, tofauti kubwa ni kwamba ya marini haina mapengo katikati. Na nyie mliokulia kwenye mashua mnaotaka kupaka sifa, yale mafuta ya papa, hapana bwana, epoksi (ile gundi ngumu ya kuchanganya vimiminika viwili) haishiki kwenye mafuta.

Gundisha vipande viwili kwa epoksi iliyotiwa unga wa silika mpaka isidondoke, bana kwa klampu ila usikamue gundi yote ikatoka. Angalia na hali ya hewa, chini ya digrii 10 za Selsiasi epoksi nyingi hazikauki vizuri, kwa hiyo gereji ya mwezi wa tatu bila hita sahau.

Ikikauka ijaribishe mahali pake, chora matundu yote kutokea kwenye bati, itoe tena. Maji yanaingilia kwenye matundu, sio kwenye uso wa ubao, kwa hiyo kila tundu la bolti litoboe kubwa kuliko bolti, ziba chini kwa tepu, jaza epoksi nzito, ikikauka toboa tena saizi kamili, bolti sasa inapita kwenye epoksi na mbao haioni tone. Inachosha lakini ndo kazi yenyewe hiyo. Baada ya hapo paka epoksi mikono mitatu, kingo zipate zaidi kwa sababu ndo zinakunywa.

Kabla ya kurudisha, sugua bati la ndani litoke ule unga mweupe na vitundu vidogo uzibe kwa epoksi. Bolti ziwe za stenlesi na washa pana, chini yake gundi ya kuzuia maji ya polyurethani. 3M 5200 inashika jumla jumla, siku ukitaka kufungua utalia, mi naona 4200 inatosha. Bomba la kutolea maji usirudishe la shaba ya njano, weka la plastiki au alumini. Riveti ukiweza piga za alumini nzima, mmoja anagonga nje mwingine amekinga chuma kizito ndani, za kubana kwa mkono ziwe zile zilizozibwa ncha ya ndani maana za wazi zinavuja.

Ukishapakia mashine ipeleke ziwani mara moja, ukirudi kaza nati zote upya, plaiwudi mpya huwa inajikalia kidogo.