Somo: Kuligeuza duka lako la mtandaoni liwe aplikesheni ya simu bila kumlazimisha mteja kupakua

Ndugu wanachama, somo hili nimeliandaa kwa ajili ya wenye maduka ya mtandaoni ambao wateja wao hununua kwa simu na kwa bando la siku. Ninasaidia duka dogo lililo jirani na Soko la Majengo hapa Dodoma, linalouza mafuta ya alizeti, asali, karanga na zabibu, na wateja wake wametawanyika kuanzia Bahi na Manyoni hadi Kondoa na Mpwapwa. Mteja anayefungua duka letu akiwa ndani ya basi la Kondoa hupoteza mtandao na kuupata tena mara kadhaa kabla hajakifikia kitufe cha kulipia. Tovuti ya kawaida humwachia ukurasa mweupe, na aplikesheni ya Play Store humtaka kwanza atumie bando kuipakua, wakati hajajua hata kama bidhaa anayoitaka ipo.

Katikati ya hayo mawili ndipo ilipo PWA (Progressive Web App). Hii ni tovuti ileile, kwa anwani ileile, ambayo kivinjari huiruhusu ikae kwenye skrini ya simu kama aplikesheni, ifunguke hata pasipo mtandao, na impelekee mteja taarifa. Jina hilo lilianza kutumika mwaka 2015. Mwaka huohuo Flipkart, duka kubwa la mtandaoni la India ambalo lilikuwa limefunga tovuti yake ya simu ili kila mteja apakue aplikesheni, lilirudi kwenye wavuti kwa njia hii.

Wengi huanza na ikoni, kwa kuwa ndiyo inayoonekana. Mimi naona kazi yenyewe ni kuamua kitu gani kikae ndani ya simu ya mteja na kitu gani kisikae humo kamwe, na ndiyo maana hatua ya nne itakuwa ndefu kuliko nyingine zote.

Hatua ya kwanza: kufuli ya HTTPS

Bila HTTPS, yaani mawasiliano yaliyofungwa kwa siri kati ya simu na tovuti, hakuna PWA, kwa kuwa kivinjari hukataa kabisa kuendesha sehemu yake muhimu kwenye tovuti isiyo salama. Cheti cha HTTPS kutoka Let's Encrypt hutolewa bure, lakini muda wake ni mfupi, hivyo hakikisha seva yako inakihuisha yenyewe bila kusubiri mtu akumbuke.

Hatua ya pili: punguza uzito

Picha ya chupa ya asali iliyopigwa kwa simu inaweza kuwa na megabaiti tatu au zaidi, ilhali mteja huiona kwa upana wa pikseli mia chache tu. Ibadilishe iwe WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi, ipunguze upana, na ziache picha zilizo chini ya ukurasa zisipakuliwe hadi mteja atakapozifikia. Mimi hulenga kilobaiti 80 kwa picha moja. Vilevile andika upana na kimo cha kila picha ndani ya msimbo, ili ukurasa usirukeruke wakati picha zinaingia na mteja akajikuta amegusa kitufe asichokikusudia. Kipimo cha Google kinataka kitu kikubwa zaidi kwenye skrini kiwe kimeonekana ndani ya sekunde 2.5. Ukiishia hapa tu, bila kugusa hatua zinazofuata, tayari umemsaidia mteja kuliko mwenzako mwenye ikoni nzuri na kurasa nzito.

Hatua ya tatu: faili la manifesti

Hili ni faili dogo la maandishi, la muundo wa JSON, linaloieleza simu jina la duka, ukurasa wa kuanzia, rangi, ikoni, na kwamba duka lifunguke bila upau wa anwani. Weka ikoni mbili, ya pikseli 192 na ya pikseli 512, na jina fupi lisizidi herufi 12 hivi, la sivyo simu italikata. Acha nafasi pembezoni mwa ikoni, kwa sababu simu nyingi za Android huikata iwe duara. Ikoni yetu ya kwanza ilikuwa na namba ya simu ya duka kwa chini. Baada ya kukatwa ilibaki michirizi isiyosomeka.

Hatua ya nne: mtumishi na stoo yake

Moyo wa PWA ni faili la JavaScript ambalo watengenezaji huliita sevisiwoka (service worker), na ambalo hapa nitaliita mtumishi. Hukaa kati ya kurasa za duka na mtandao, na kila ukurasa unapoomba kitu, ombi hupitia kwake kwanza. Anaweza kulituma kwenye seva, au kutoa nakala aliyoihifadhi ndani ya simu, yaani stooni. Faili hilo liwekwe kwenye mzizi wa tovuti, yaani ngazi yake ya juu kabisa, kwa sababu ukiliweka ndani ya folda litahudumia kurasa za folda hiyo peke yake.

Hapa ndipo sisi tulipojikwaa. Fundi wetu alimwagiza mtumishi atafute kila kitu stooni kwanza, na asiende mtandaoni ila anapokikosa. Duka likawa jepesi ajabu, tukafurahi. Kisha bei ya mafuta ya alizeti ikapanda, nasi tukaibadilisha kwenye seva, lakini mteja mmoja wa Mpwapwa aliendelea kuona bei ya zamani kwa wiki kadhaa, akaagiza dumu tatu na kulipa kwa bei hiyo. Tulimpelekea mzigo kwa bei aliyoiona, maana kosa halikuwa lake. Tulipochunguza tukakuta makosa ni mawili: mtumishi kutoa bei iliyochakaa, na seva kukubali jumla iliyopigwa ndani ya simu badala ya kuipiga upya yenyewe. Hilo la pili ni hatari zaidi, kwa kuwa mtu mwenye nia mbaya angeweza kujiandikia bei aitakayo.

Tangu hapo tumeyagawa mambo ya duka kwa namna ifuatayo. Vitu visivyobadilika, kama nembo, mwonekano, msimbo na ukurasa wa kueleza kwamba mtandao umekatika, hutolewa stooni kwanza. Picha na maelezo ya bidhaa hutolewa stooni papo hapo, huku mtumishi akivuta nakala mpya chinichini kwa ajili ya safari ijayo. Mteja akiona maelezo ya asali ya jana hajadhurika. Bei na kiasi cha mzigo uliopo hutafutwa mtandaoni kwanza, na mtandao ukikosekana huonyeshwa bei ya mwisho pamoja na tarehe yake, huku kitufe cha kulipia kikiwa kimefungwa. Kwetu jambo hili ni la lazima, kwa sababu zabibu za Dodoma huvunwa misimu miwili kwa mwaka, na mzigo uliopo asubuhi unaweza kuwa umekwisha jioni. Kurasa za malipo na za akaunti ya mteja mtumishi asizihifadhi hata kidogo.

Stoo yenyewe ipe jina lenye namba ya toleo, na mtumishi mpya anapoanza kazi afute stoo ya toleo lililopita. Fahamu kwamba mtumishi mpya husubiri hadi mteja afunge kurasa zote zinazohudumiwa na yule wa zamani, kwa hiyo usishangae unapobadilisha kitu na simu yako ikaendelea kuonyesha cha jana. Weka ujumbe mdogo unaosema kwamba toleo jipya lipo, mteja auguse mwenyewe. Kumbadilishia ukurasa ghafla akiwa katikati ya kuandika anwani si uungwana. Pia weka kikomo cha picha zinazohifadhiwa. Simu za wateja wengi zimejaa video za WhatsApp, na nafasi ikipungua kivinjari kinaweza kufuta hifadhi yote ya duka lako kwa mkupuo.

Hatua ya tano: kikapu, oda na malipo

Kikapu kihifadhiwe ndani ya simu kwa kutumia IndexedDB, hifadhi ya data iliyo ndani ya kivinjari, ili mteja aliyechagua bidhaa akiwa Dodoma akikute kikapu chake akishuka Kondoa. Oda iliyotumwa mtandao ukiwa umekatika inaweza kuwekwa kwenye foleni, na Chrome ya Android ina uwezo wa kuituma yenyewe mtandao unaporudi. Safari, kivinjari cha iPhone, haina uwezo huo, kwa hiyo andika pia msimbo wa kuituma tena pale mteja anapolifungua duka.

Malipo, kwa upande mwingine, yasiwekwe kwenye foleni kamwe. Fikiria mteja aliyegusa kitufe cha kulipia saa nne asubuhi, mtandao ukakatika, kisha saa saba akiwa mnadani ombi la kuweka namba ya siri likachomoza kwenye simu yake. Atadhani ni utapeli, na atakuwa na haki ya kudhani hivyo. Ombi la M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas au HaloPesa lianzishwe tu pale mteja yupo mbele ya skrini na mtandao umethibitika, na oda ihesabiwe imelipwa baada ya seva yako kupokea uthibitisho kutoka kwa mtoa huduma, hata kama simu ya mteja imeshaandika kwamba malipo yamefanikiwa.

Hatua ya sita: kuomba kuwekwa kwenye skrini, na taarifa

Usimwombe mteja aweke duka kwenye skrini wala aruhusu taarifa dakika anayoingia. Msubiri amalize oda yake ya kwanza, kisha umweleze faida: atajulishwa mzigo wake ukipakiwa kwenye basi. Akikataa ruhusa ya taarifa, kivinjari hakitakuruhusu umuulize tena hovyohovyo, hivyo nafasi hiyo moja usiichezee. Kwenye iPhone taarifa hizi zinawezekana kuanzia iOS 16.4 ya mwaka 2023, tena kwa duka lililokwisha kuwekwa kwenye skrini tu, na mteja huliweka mwenyewe kupitia kitufe cha kushiriki cha Safari.

Hatua ya saba: jaribio

Jaribu kwa simu ya bei nafuu, si kwa ile yako. Fungua duka, weka simu katika hali ya ndege, lifungue tena, zunguka, ongeza kitu kikapuni, kisha rudisha mtandao na uone kinachotokea. Masomo ya zamani yatakuelekeza utafute alama ya PWA ndani ya Lighthouse, chombo cha Google cha kupima tovuti. Kipengele hicho kiliondolewa katika toleo la 12 mwaka 2024, hivyo usipoteze muda kukitafuta.

Maswali ya wanachama

Mwanachama kutoka Kondoa: Mwalimu, shikamoo. Nikishafanya haya yote, bado nitahitaji kuwa Play Store?

Jibu: Marahaba. Huhitaji, lakini unaweza. PWA inaweza kufungashwa na kupelekwa Play Store bila kuiandika upya, na akaunti ya mtengenezaji hulipiwa dola 25 mara moja tu. Kwa Apple ni dola 99 kila mwaka, na kwa duka dogo ningezitumia kwanza fedha hizo kwenye picha nzuri za bidhaa.

Mwanachama kutoka Mpwapwa: Mteja wangu mmoja aligusa kitufe cha kuagiza mara tatu kwa sababu mtandao ulikuwa unasuasua, nikapata oda tatu zinazofanana. Nifanyeje?

Jibu: Namba ya oda izalishwe ndani ya simu kabla ya kutumwa, na ibaki ileile kila inapotumwa tena. Seva ikipokea namba iliyokwisha kuipokea, irudishe majibu ya oda ya kwanza na isifungue nyingine. Kitufe nacho kizimwe kikishaguswa, ingawa kuzima kitufe peke yake hakutoshi, kwa kuwa mteja anaweza kufunga ukurasa na kuufungua upya.

Mwanachama kutoka Dodoma Mjini: Wateja wangu karibu wote wanatoka Instagram, na wanasema hawaoni mahali pa kuweka duka kwenye skrini.

Jibu: Kiungo kikifunguliwa ndani ya Instagram, hutumika kivinjari cha Instagram chenyewe, ambacho hakina uwezo huo. Waandikie maelezo mafupi, pamoja na picha, ya namna ya kufungua kiungo hicho kwenye Chrome au Safari, na uyaonyeshe kwao tu.

Mwanachama kutoka Manyoni: Kuna mteja wa iPhone analalamika kikapu chake kimepotea baada ya wiki mbili. Ni kosa letu?

Jibu: Si kosa lenu moja kwa moja. Safari hufuta data iliyohifadhiwa na msimbo wa tovuti iwapo mteja ameitumia Safari kwa siku saba bila kuigusa tovuti hiyo. Duka lililowekwa kwenye skrini haliguswi na kanuni hiyo. Kwa mteja aliyeingia kwenye akaunti yake, tunza nakala ya kikapu kwenye seva.

Mwanachama kutoka Bahi: Nyumbani kwetu simu moja hutumiwa na mama, mimi na mdogo wangu. Sitaki kila mmoja aone oda za mwenzake.

Jibu: Swali hili ningependa kila mwenye duka alisome. Mteja akitoka kwenye akaunti, msimbo wako ufute kila kinachomhusu ndani ya simu: kikapu, anwani, namba ya simu na oda zilizo kwenye foleni. Taarifa inayoonekana skrini ikiwa imefungwa iseme kwamba mzigo umepakiwa, isitaje bidhaa wala bei. Kumbuka pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu hata kama duka lako ni dogo.

Mwanachama kutoka Kongwa: Duka langu ni la WordPress na WooCommerce, na mimi si fundi wa msimbo. Kuna njia?

Jibu: Ipo. Zipo programu-jalizi, yaani nyongeza za WordPress, zinazotengeneza manifesti na mtumishi kwa niaba yako. Ukishasakinisha mojawapo, nenda kwenye mipangilio yake na uziondoe stooni kurasa za kikapu, za malipo na za akaunti kabla hujamwalika mteja yeyote. Kisha badilisha bei ya bidhaa moja, shika simu ambayo ilishafungua duka lako jana, na uangalie inaonyesha bei ipi.