Ukipanda mawe ya Saanane peke yako
Saanane ni kisiwa cha hifadhi kwenye Ziwa Victoria, jijini Mwanza. Vuka asubuhi kutoka Capri Point, ng'ambo yake jijini. Kufikia mchana mawe ya itale yameshika moto, na pimbi wengi wamejificha kwenye nyufa. Vaa viatu vya soli ya mpira yenye meno, ndala hapana. Mvua ikikukuta juu, usikimbilie kushuka. Kaa mpaka jiwe likauke, hasa pale palipoota kuvu nyeusi, kwa sababu hapo mguu hauna pa kushika na huna wa kukuinua. Ndiyo maana mwambie askari wa hifadhi unapita njia gani na utarudi saa ngapi. Ukikutana na kenge, simama tu, atapita zake. Ila ukingoni mwa maji usikae: ziwa hili lina mamba, na kichocho pia.