Soli nyekundu kama za Louboutin: unavyoweza kupaka skuna zako mwenyewe hapa Dom (Dodoma)

Wadada, zile skuna za soli nyekundu mnazoziona kwenye sendofu, orijino zake ni za Louboutin na bei yake tuiache tu. Ila zilivyoanza ni kienyeji kabisa. Christian Louboutin, Mfaransa aliyefungua duka lake Paris mwaka 1991, miaka miwili baadae aliletewa sampo ya kiatu alichokichora akiwa na picha za maua za msanii wa Marekani Andy Warhol kichwani, akakigeuza geuza akaona kimepooza, hakifanani na mchoro, tatizo ni lile soli jeusi. Pembeni msaidizi wake alikuwa anapaka kucha, jamaa akachukua kile kichupa chekundu akapaka soli yote palepale. Ikawa ndo alama yake mpaka leo.

Sasa na wewe usikimbilie rangi ya kucha. Kwa sampo ya kuangalia mezani ni sawa, ila kiatu cha kutembelea kinakunjika kila hatua na rangi ya kucha ikikauka inapasuka, halafu kichupa kimoja hakitoshi hata mguu mmoja.

Anza na kiatu chenyewe. Ukiwa unachambua mitumba pale soko la Sabasaba usiangalie juu tu, geuza. Soli la ngozi au lile gumu lenye uso laini linashika rangi vizuri, raba laini yenye meno achana nayo, utabandua maganda wiki ijayo.

Sugua soli kwa brashi na maji ya sabuni kidogo, acha likauke kabisa, kisha piga msasa laini mpaka ule mng'ao uishe. Hii hatua watu wanairuka afu wanalaumu rangi. Futa kwa kitambaa chenye spiriti, na kuanzia hapo usishike soli kwa vidole maana mafuta ya mkono yanakataa rangi. Zungushia maskin tepu pembeni yote na kwenye kisigino, ibonyeze na kucha isiachie hata upenyo, manake tofauti ya kazi safi na ya kubahatisha iko kwenye ule mstari wa pembeni.

Rangi tafuta ya ngozi ama akriliki, nyekundu iliyokolea isiyoelekea machungwa wala maruni. Rangi ya mafuta ya mageti hapana, inachelewa kukauka na ikikauka inakuwa ngumu. Paka nyembamba sana, subiri ikauke, rudia mara tatu au nne, hata kama ya kwanza inaonekana mbaya usiongeze, we subiri. Na kazi hii fanya ndani! Kiangazi cha hapa upepo unakuja na vumbi lake, ukianika barazani soli litatoka kama msasa wenyewe. Mwisho vanishi ya kung'aa, tepu itoe kabla vanishi haijawa ngumu, na kiatu kilale mpaka kesho yake ndo uvae.

Jua kwamba pale mbele unapokanyagia itafutika, hata za orijino zinafutika. Mimi naona bora umpelekee fundi viatu akubandikie kipande chembamba cha raba nyekundu hapo mbele tu, pia kinakusaidia usiteleze maana vanishi kwenye tailizi za ukumbi ni hatari jamani.

Kitu kingine, paka za kwako uvae, usije ukapaka ukauza kwa jina la Louboutin. Hiyo soli ni alama iliyosajiliwa, na mwaka 2012 mahakama ya rufaa kule New York ilisema ni yake pale soli linapotofautiana na rangi ya juu, ila kampuni ya mitindo ya Yves Saint Laurent, aliyokuwa ameishtaki, wakaachiwa kiatu chao chekundu juu mpaka chini.

Rangi iliyobaki funga vizuri uitunze, utaihitaji kuziba mikwaruzo baada ya sendofu ya kwanza tu.